Asilimia Mia Moja ya Walio Hai

Nchi yenyewe siitaji jina. Kulitaja kunatozwa shilingi hamsini, na kwenye simu yangu sina salio. Wenye salio watajitajia wenyewe. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, mbuga moja ya wanyama na Wizara ya Fedha Isiyoshikika, na kwamba watu wake ni wapole mno. Ukiwaambia simameni wanasimama, ukiwaambia pakueni programu wanapakua.

Zamani watu hao walikuwa wakitumia noti na sarafu. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu anafunga noti kwenye pindo la khanga, anakwenda sokoni, anafungua pindo, anapewa dagaa zake, na serikali haijui kitu. Waziri, Mheshimiwa Profesa Kasimiri Bwanku, alikuwa hapati usingizi akiyafikiria mapindo yote hayo. Ndipo ikatangazwa siku ya kuchoma noti katika uwanja wa mpira, kiingilio shilingi elfu moja, kulipa kwa simu. Watu wakajaa mpaka juu ya kuta. Mheshimiwa akawasha kiberiti na kusema, "Leo umaskini wa kushikika umekwisha!" Watu wakapiga makofi. Mlevi mmoja alikamatwa kwa kuvuta moshi kwa nguvu kuliko wenzake, akashtakiwa kwa kuhujumu uchumi.

Baada ya hapo mambo yakawa mazuri sana. Anayetuma anakatwa, anayepokea anakatwa, na anayepiga simu kuuliza kwa nini amekatwa anakatwa kwa kuuliza. Wataalamu walikuja na vipimo vyao wakasema uchumi unakua kwa kasi ambayo hawajapata kuiona mahali pengine. Ni kweli. Hata mimi nilisikia ukikua, ingawa sikuwahi kuuona.

Bi Somoe Nangoma alikuwa uwanjani siku ile ya moto, naye alipiga makofi kama wenzake. Alikuwa mbangua korosho. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kigoda akipasua maganda, na ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi taratibu, tabaka kwa tabaka. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa ncha na laini kama kigae, havina mstari hata mmoja, wakati wenzake, walioanza kazi baadaye, walikuwa bado na michache. Wenzake walimtania kwamba akiamua kuiba, hakuna polisi duniani atakayemkamata. Bi Somoe alicheka, maana hakuwa na mpango wa kuiba.

Wabanguaji kumi na wawili walikuwa na mchezo wao. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa elfu arobaini, na kijumbe wao, Bi Fatu Njonjolo, anampa mmoja zote kwa pamoja, kwa zamu. Sheria zao hazikuandikwa popote. Mwenye msiba au mgonjwa anarushwa mbele ya foleni, na fedha isiyotumika kwa shida iliyoombewa inarudi kwa aliyeachia zamu yake. Hakuna aliyewahi kuuliza sheria hizo zilitungwa na nani. Zilikuwepo tu, kama mafiga.

Mwezi huo zamu ilikuwa ya Bi Hidaya. Lakini Jumatatu mume wa Bi Somoe, mzee Chande, aliyekuwa mlinzi wa shule kabla hajastaafu, alianguka chooni. Kumbe alikuwa na ngiri, ameificha miaka mitano kwa haya. Hospitali wakasema apasuliwe, laki nne, na zilipwe kwanza.

"Nina siku ngapi, daktari?" Bi Somoe akauliza, kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Saba. Zikizidi hapo, utumbo utaoza."

Bi Hidaya aliposikia hakungoja kuombwa. "Chukua wewe, mwenzangu," akasema. "Mimi nitangoja. Sina dharura." Ijumaa kijumbe angetuma laki nne na themanini, na mzee angepona. Hesabu ilikuwa nyepesi kiasi hicho.

Kulikuwa na kijambo kimoja tu. Ili kutoa au kulipa fedha, kila mtu sasa alitakiwa kuwa na Dole la Taifa. Namba za siri zilikuwa zimefutwa, kwa kuwa serikali haikupenda wananchi wake wawe na siri. Mtu anakwenda kituoni, anaweka dole gumba juu ya kioo, mashine inamkariri maisha yake yote, basi.

Jumanne asubuhi Bi Somoe alikuwa wa kwanza mlangoni. Afisa Dole wa kata hiyo alikuwa kijana mmoja mpole aitwaye Edigari, mwenye tai fupi na sauti ya kuchoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Weka dole hapo. Usibonyeze sana, usilegeze sana."

Mashine ikawasha taa nyekundu na kusema kwa sauti ya kike, yenye adabu zote, "Hakuna mtu."

"Nipo," Bi Somoe akaiambia.

"Haisikii, mama. Inasema tu."

Wakajaribu dole la pili. Wakajaribu vidole vyote kumi, wakavifuta kwa spiriti, wakavipaka mafuta ya nazi, wakavijaribu tena. Hakuna mtu. Edigari akaweka dole lake mwenyewe kuona kama mashine ni nzima, ikamkaribisha kwa jina na kumuuliza kama amekunywa maji ya kutosha leo.

"Tatizo ni kazi yako, mama. Acha kubangua wiki sita. Mistari itarudi, kama imebaki."

"Mume wangu ana wiki moja."

Edigari akapiga hesabu kwenye karatasi, kwa dhati kabisa. "Basi hapo zinapungua tano," akasema. Bi Somoe akashika tama. Hakumchukia kijana huyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mtu mwenye shida anahitaji mtu wa kumchukia.

Wiki hiyohiyo, kule wizarani, Mheshimiwa Bwanku naye alikuwa na shida, na ni vizuri tumwonee huruma. Benki ya Marafiki, ambayo ni benki ya nchi zenye urafiki na fedha zake, ilikuwa inaleta tuzo na mkopo kwa nchi ya kwanza kuwaingiza raia wake wote katika mfumo. Wote, yaani asilimia mia. Na nchi ilikuwa imekwama kwenye tisini na saba. Asilimia tatu zilizobaki walikuwa wabangua korosho wa miaka mingi, wapasua kokoto, wafua nguo, wachoma chokaa, na wazee ambao vidole vyao vimechakaa kwa kulea watu wengine.

Katibu Mkuu, Bibi Perpetua Ngoso, mwanamke mwenye akili nyingi, akainua mkono katika kikao. "Mheshimiwa, tumekuwa tukihangaika kuongeza walioingia. Kwa nini tusipunguze wasioingia?"

Wajumbe wakasimama. Kisha makofi.

Tangazo likatoka kwenye gazeti la serikali: mtu yeyote ambaye mfumo haumtambui ifikapo Ijumaa saa kumi jioni, atahesabiwa kuwa Marehemu wa Kimfumo. Mheshimiwa akalifafanua kwenye televisheni, uso umemng'aa. "Ndugu wananchi, niliahidi kwamba hakuna mwananchi atakayeachwa nyuma, na leo nasimama kwenye ahadi hiyo. Atakayeachwa nyuma si mwananchi. Na wasiwatie hofu wapotoshaji! Kifo hiki hakiumi, hakina harufu, na hakimgharimu mlipa kodi hata ubao mmoja wa jeneza."

Ijumaa saa kumi jioni zikapigwa fataki. Nchi ikawa na asilimia mia moja ya walio hai.

Bi Fatu hakuwa na televisheni, wala hakuwa amesikia habari ya dole la Bi Somoe, ambaye tangu Jumanne hakuondoka hospitali. Saa kumi na moja, kama walivyopanga, alituma laki nne na themanini kwa Bi Somoe, na mfumo ukapokea. Mfumo haukuwa na ubaguzi. Ulipokea kwa ajili ya walio hai na waliokufa sawasawa. Ni kutoa tu ndiko ulikokuwa mwangalifu. Dakika mbili baadaye ukaja ujumbe wa pili: "Ndugu SOMOE, tunasikitika kukujulisha kifo chako. Familia iwe na subira. Umekatwa shilingi thelathini kwa ujumbe huu."

Bi Somoe aliusoma amesimama kando ya kitanda cha mumewe. Akausoma tena. Mzee Chande, ambaye homa ilikuwa imeanza kumpanda, akauliza kuna nini.

"Nimekufa," akasema Bi Somoe.

"Mimi ndiye niliyelazwa," akasema mzee. "Unanipita hata foleni ya kufa?" Wakacheka, wote wawili, mpaka mzee akashika tumbo na kicheko kikawa kitu kingine.

Jumamosi kituo cha Edigari kilikuwa wazi kwa sababu ya wingi wa vifo. Bi Fatu alikwenda na Bi Somoe, khanga ameifunga kiunoni tayari kwa ugomvi.

"Rudisha hiyo fedha kwangu," akasema. "Nitalipa hospitali mwenyewe."

"Kurudisha kunahitaji ridhaa ya aliyepokea, mama. Kwa dole."

"Aliyepokea huyu hapa!"

Edigari akamtazama Bi Somoe, kisha akaitazama skrini, kisha akachagua skrini. "Huyu ni marehemu. Lakini fedha ya marehemu haipotei, mama zangu. Inakwenda kwa mrithi. Ana mtoto?"

Hawakujaliwa mtoto.

"Basi ni mume. Mleteni yeye mwenyewe aweke dole. Ila mfumo lazima ujiridhishe kwamba msiba ulikuwepo. Picha ya kaburi, waombolezaji ishirini wenye dole, na kilio cha dakika tatu kilichorekodiwa."

Hivyo Jumapili wakamzika Bi Somoe. Sina njia nzuri zaidi ya kulisema jambo hilo. Wanaume wa mtaa wakachimba kaburi la kimo cha kawaida, Bi Fatu akalipiga picha pande nne. Shekhe alipoitwa alitazama jikoni, akamwona marehemu ameinamia sufuria, akasema, "Mimi simswalii mtu anayekoroga ubwabwa." Akaondoka zake. Edigari, aliyekuja kusimamia, akaweka alama kwenye kisanduku cha "dini haijulikani".

Kilio kilikuwa kigumu. Mara ya kwanza wanawake walilia kama watu wanaoigiza, na simu ikajibu, "Kilio hakijatosheleza vigezo." Mara ya pili vilevile, na mmoja akaangua kicheko. Ndipo Bi Hidaya akaanza kusema, kwa sauti ndogo, kwamba Somoe ndiye aliyembebea maji miezi miwili alipojifungua kwa shida. Mwingine akasema Somoe alimuuguza mama yake mpaka akakata roho mikononi mwake. Bi Fatu akataka kuongeza la kwake, akajifunika uso kwa khanga. Wakatazamana, wakamtazama mwenzao aliyesimama na mwiko mkononi, na kitu kikakatika ndani yao. Walilia kilio cha kweli. Bi Somoe naye akalia, akajililia kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu alikuwa hajawahi kuambiwa maneno hayo wala hakujua kwamba yapo. Simu ikasema, "Pokea pole zetu," ikapitisha.

Jumatatu, siku ya saba, wakamleta mzee Chande. Hospitali hairuhusu mgonjwa ambaye hajalipa kutoka nje ya geti, kwa hiyo walimtoa kwa dhamana, amelazwa kwenye mkokoteni, dripu imeshikwa na muuguzi, na nyuma yake askari wa kuhakikisha hatoroki. Mzee asingeweza kutoroka hata kwenye ndoto. Uso ulikuwa rangi ya majivu, midomo imekauka, na kila tairi lilipoingia kwenye shimo alifumba macho.

Bi Somoe alikuwa mlangoni. Akamfuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Naambiwa tumekuzika jana," mzee akasema. "Watu walikuwa wengi?"

"Wengi. Ubwabwa ulipungua."

"Pole, mke wangu."

"Pole ni yako, mfiwa ni wewe."

Alikuwa na dole zuri sana, mzee Chande. Miaka yote ya ulinzi alikuwa hashiki kitu kizito zaidi ya tochi. Edigari akaunyanyua ule mkono kwa uangalifu, kama mtu anayenyanyua kikombe kilichojaa, akaliweka dole juu ya kioo. Taa ikawa ya kijani. Wanawake wakapiga vigelegele barabarani. Zikakatwa tozo ya msiba, tozo ya urithi na tozo ya kutozwa, zikabaki laki nne na elfu mbili. Zilitosha. Bi Somoe akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumatatu iliyopita.

"Haya, mwanangu, tuma hospitali."

Edigari alibonyeza. Akabonyeza tena. Akasoma kitu, na masikio yake yakaiva.

Inafaa nieleze hapa. Benki ya Marafiki ilikuwa imesisitiza kwamba teknolojia iheshimu mila za wenyeji, na wataalamu walikaa mwaka mzima katika hoteli nzuri wakizisoma mila hizo. Wakagundua kwamba katika nchi hiyo mtu akifiwa anakaa matanga siku tatu, na watu wastaarabu hawamsumbui kwa mambo ya fedha. Wakaufundisha mfumo. Kwa hiyo kwenye skrini ya Edigari palikuwa pameandikwa kwa herufi za huzuni: "Mfiwa apumzike. Fedha zitafunguliwa matanga yakiisha, Alhamisi saa nne asubuhi."

"Hakuna aliyekufa!" Bi Fatu akapiga kelele. "Mwambie hakuna aliyekufa!"

"Tumethibitisha jana, mama," akasema Edigari, karibu analia. "Na kilio tulituma."

Wakamrudisha mzee hospitali. Daktari aliwaambia ukweli, kwamba yeye yuko tayari na kisu kipo, lakini mlango wa chumba cha upasuaji hufunguka kwa risiti. Alisema hivyo akiwa anatazama viatu vyake. Bi Somoe alikaa kitandani, ameweka kichwa cha mumewe mapajani, siku mbili. Mzee hakutania tena. Jumatano alfajiri alimwomba maji, na alipoleta kikombe mzee alikuwa hayahitaji.

Hospitali ikaachia mwili, ikabaki na cheti, na akazikwa siku hiyohiyo mchana. Kwa kuwa hawakuwa na cha kuwapa wachimbaji, walimlaza katika kaburi lililokuwa tayari, lile la mkewe. Safari hii shekhe alikuja, akaswali, na hakuna aliyerekodi chochote.

Alhamisi wanawake wale kumi na mmoja walikaa mkekani na Bi Somoe, siku ya pili ya matanga ya kweli, wakinywa chai ya rangi. Saa nne kamili simu ya marehemu Chande ikalia. Bi Fatu akaisoma kwa sauti, maana macho ya Bi Somoe yalikuwa yamevimba:

"Ndugu CHANDE, pole tena kwa kumpoteza mkeo mpendwa. Matanga yamekwisha. Fedha zako ziko tayari. Tafadhali weka dole."

Edigari, aliyekuwa amekuja kuhani na kuvua viatu mlangoni, aliulizwa maana yake. Akaeleza taratibu, akipima maneno. Hospitali haijalipwa, haijatoa cheti cha kifo, kwa hiyo mzee Chande kwenye mfumo yu hai, na Mheshimiwa ameshamtaja asubuhi hii redioni kama mfiwa aliyehudumiwa ndani ya siku tatu tu. Angekuwa amekufa, mrithi angekuwa mkewe, ambaye ni marehemu, na fedha ingekwenda hazina. Lakini yu hai. Dole lake tu ndilo linalotakiwa.

"Dole lake limezikwa," akasema Bi Somoe.

"Ndiyo, mama." Edigari akatazama mkeka. "Mimi nasema tu yaliyo kwenye kanuni. Kanuni zinasema dole liletwe. Hazisemi liletwe na mwenyewe. Walitufundisha kwenye semina kwamba linadumu siku nne, kama udongo haujaloa."

"Nikikuletea hilo dole, mtanirudishia mtu?"

"Hapana, mama. Fedha tu."

"Basi toka nyumbani kwangu."

Akatoka, viatu mkononi. Wanawake wakabaki wameinamia vikombe. Kila mmoja alijua sheria ya mchezo wao bila kukumbushwa: shida iliyoombewa fedha imekwisha, fedha haikutumika, inarudi kwa aliyeachia zamu. Na kila mmoja alijua kwamba tangu Jumanne mjukuu wa Bi Hidaya alikuwa amelazwa, wodi inayopakana na ile aliyofia mzee, na daktari alikwishasema ana siku ngapi.

Bi Hidaya hakuinua uso. Alikuwa akikizungusha kikombe chake taratibu. "Mimi siombi kitu, Somoe," akasema hatimaye, na machozi yakamdondokea mapajani. "Wallahi siombi kitu. Nauliza tu. Jana usiku kwenu huku mvua ilinyesha?"

Bi Somoe alikiweka kikombe chini. Kisha akainuka, akatoka uani, akalichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaliingiza ndani, akalilaza kizingitini, akakaa juu ya mpini wake, asiwepo wa kulichukua. Hakumlaumu mtu. Alifunika magoti kwa khanga na kutazama mbele.

Wakamwacha. Wakamaliza chai, wakaosha vikombe, wakavipanga. Jua lilikuwa bado juu, na kila mmoja alikuwa na watoto wa kupikia nyumbani. Lakini hakuna aliyeaga, wala aliyeliondolea jembe macho.